Darubini ya Bunduki Kubwa: Uimara Kwanza, Ukuzaji Baadaye

Mwindaji mwenye leseni hulipa fedha nyingi kabla hajafyatua risasi hata moja. Hulipa ada ya serikali, hununua bunduki, hununua risasi, na hulipia safari ya kwenda porini. Aghalabu fedha zikikaribia kwisha ndipo anapokumbuka darubini ya kulengea. Huingia dukani, huona darubini yenye namba kubwa na bei ndogo, akainunua kwa furaha. Baada ya kupiga risasi kumi au kumi na tano, alama ya kulengea imekwisha hama mahali pake, na risasi haziendi tena jicho linakoelekea. Kwa bunduki ndogo ya kupigia swala, jambo hilo ni hasara. Kwa bunduki ya kupigia nyati, jambo hilo laweza kuleta mauti.

Nchini Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977, na marufuku hiyo ingaliko. Lakini katika Tanzania, Zambia, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini uwindaji wa leseni ni halali kwa kufuata masharti ya sheria. Huko, licha ya wageni watokao ng'ambo, wamo wananchi wenye leseni, na wamo wawindaji ambao kazi yao ni kuwaongoza wengine. Si wote walio na fedha za kununua darubini za Zeiss au Swarovski. Hata hivyo mtu mwenye fedha kidogo aweza kupata darubini itakayomtumikia miaka mingi, iwapo atajua ni kitu gani anachokilipia. Fedha kidogo zinunue uimara kwanza, na ukuzaji uje baadaye.

TEKE LA BUNDUKI

Kila bunduki ipigapo hurudi nyuma, na wenye kuitumia husema kwamba imepiga teke. Kadiri risasi ilivyo nzito na kadiri iendavyo mbio, ndivyo teke linavyokuwa kali. Mfano mzuri ni bunduki ya .375 H&H Magnum, ambayo risasi yake ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912. Katika nchi nyingi za Afrika kipimo hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kidogo kuliko vyote vinavyofaa kwa nyati na tembo. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa kadiri ya gramu 19, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa kadiri ya mita 770 kwa sekunde. Bunduki yenyewe, ikiwa na uzito wa kilo 4 na kitu, hurudi nyuma kwa mwendo wa kadiri ya mita 5 kwa sekunde.

Nguvu ya teke hilo yakaribia kuwa mara mbili ya ile ya bunduki ya .30-06, ambayo ni bunduki ya kawaida ya kupigia paa na swala wakubwa. Nayo .458 Winchester Magnum, iliyotolewa Marekani mwaka 1956, teke lake lakaribia kuwa mara tatu ya lile la .30-06. Ndiyo sababu darubini iliyodumu miaka mitano juu ya bunduki ndogo yaweza kuharibika kwa asubuhi moja juu ya bunduki kubwa.

Yafaa kueleza jinsi teke linavyoiharibu darubini. Abiria aliyesimama ndani ya basi, basi likiondoka kwa ghafula, huangukia nyuma. Basi limekwenda mbele, lakini mwili wake ulitaka kubaki pale pale. Mambo ya darubini ni hayo hayo, ila kwa kugeuza upande. Bunduki hurudi nyuma kwa ghafula, na darubini iliyofungwa juu yake hutaka kubaki mbele. Hapana kinachoizuia ila skrubu chache na pete mbili. Tena muda wenyewe ni mfupi mno, kwani risasi hukaa mtutuni kwa muda usiofika hata sehemu mbili za sekunde moja iliyogawanywa mara elfu. Katika muda huo, nguvu inayohitajika kuivuta darubini ya gramu 400 pamoja na bunduki ya .375 yazidi uzito wa gunia la mahindi la kilo 90.

Ndani ya darubini nako mna vitu vinavyotaka kubaki mbele. Mna vioo vilivyokazwa kwa pete nyembamba, mna bomba dogo lililoshikwa kwa springi, na mna alama ya kulengea, yaani nyuzi zilizopishana kama msalaba. Katika darubini dhaifu, springi hulegea, vioo hucheza, na nyuzi huhama kidogo kidogo. Ubaya wake ni kwamba kwa nje haionekani kasoro yo yote. Mwenye bunduki hujilaumu mwenyewe akidhani mkono wake umetetemeka, kumbe ni chombo kilichomsaliti.

NAFASI YA JICHO

Jambo la kwanza la kuuliza dukani si ukuzaji, bali ni nafasi ya jicho. Maana yake ni umbali baina ya jicho na kioo cha nyuma, pale ambapo picha huonekana nzima bila weusi pembeni. Darubini nyingi za bei ndogo huwa na nafasi ya sentimita 7 au 8 tu. Kwa bunduki kubwa hiyo haitoshi. Bunduki irudipo nyuma, ukingo wa chuma wa darubini humpiga mlengaji penye nyushi na kumchana mpaka mfupani. Wawindaji wengi wanayo kovu ya namna hiyo, nayo ina umbo la mwezi mwandamo.

Mbaya zaidi kuliko kovu ni hofu. Mtu aliyepigwa mara moja huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi zake zote hupotea toka siku ile. Kwa hiyo nafasi ya jicho isipungue sentimita 9, na iliyo bora ni sentimita 10. Kadhalika, katika darubini zenye ukuzaji unaobadilika, nafasi hiyo mara nyingi hupungua kadiri ukuzaji unavyozidishwa. Mnunuzi aipime ikiwa imewekwa kwenye namba ya juu kabisa, wala asitosheke na kipimo kimoja kilichoandikwa juu ya sanduku.

UKUZAJI SI NGUVU

Wanunuzi wengi hudhani kwamba darubini inayokuza mara 12 au mara 16 ni bora kuliko inayokuza mara 4. Kwa bunduki kubwa dhana hiyo si sahihi. Nyati hupigwa kwa kawaida katika umbali usiofika mita 100, tena mara nyingi penye vichaka. Hapo shida si kumwona mnyama kuwa mkubwa, shida ni kumpata upesi ndani ya kioo. Darubini inayokuza mara moja na nusu huonyesha upana wa pori wa mita 22 na zaidi katika umbali wa mita 100. Inayokuza mara 4 huonyesha kadiri ya mita 8 au 9. Inayokuza mara 9 huonyesha mita 4 au 5 tu. Mtu anayetazama kwa darubini ya namna hiyo, naye nyati yu hatua thelathini mbele yake, ataona ngozi nyeusi tupu, asijue ni bega au ni tumbo.

Basi hapa ndipo mtu wa fedha kidogo anapopata bahati. Ukuzaji mdogo hugharimu fedha chache. Darubini ya ukuzaji mmoja tu, mathalani ya mara 4, haina vyombo vingi vya kuzunguka ndani yake, hivyo vitu vinavyoweza kuvunjika ni vichache. Na darubini ya kuanzia mara moja au moja na nusu hadi mara 4 ina umbo fupi na kioo kidogo cha mbele. Kwa bei ile ile, mtengenezaji wa darubini ya mara 4 ameweza kutia vioo safi na springi zenye nguvu, hali mtengenezaji wa darubini ya mara 16 amelazimika kupunguza mahali fulani. Aghalabu hupunguza pale ambapo mnunuzi hawezi kuona.

UZITO NA MWANGA

Kwa kuwa teke huivuta darubini kwa kadiri ya uzito wake, darubini nyepesi huumia kidogo. Darubini ndogo ya mara moja na nusu hadi 4 yenye kioo cha milimita 20 huweza kuwa na uzito usiofika gramu 300. Darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 56 huzidi gramu 600. Hiyo ya pili huvuta skrubu kwa nguvu iliyo maradufu. Tena kioo kikubwa hutaka pete ndefu, na darubini ikikaa juu mno, shavu la mlengaji haliegemei tena kitako cha bunduki.

Wako wasemao kwamba kioo kikubwa kinahitajika ili kuona jioni. Hesabu rahisi itaonyesha ukweli. Kipenyo cha kioo cha mbele kikigawanywa kwa ukuzaji, hupatikana upana wa mwanga unaofika jichoni. Kioo cha milimita 32 kikikuza mara 4 hutoa milimita 8. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kadiri ya milimita 7, na ya mzee hufunguka chini ya hapo. Kwa hiyo darubini ya namna hiyo imekwisha lipa jicho mwanga wote linaoweza kupokea. Kioo cha milimita 40 kikikuza mara 9 hutoa milimita 4 na kitu tu. Kinachobaki ni usafi wa vioo na dawa iliyopakwa juu yake ili kuzuia mwanga usirudi nje.

ZA KUEPUKA

Kuna rahisi za namna tatu ambazo hazifai kwa bunduki kubwa hata zikitolewa bure. Ya kwanza ni darubini iliyotengenezwa kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo haina teke la kuhesabika. Bomba lake na springi zake hazikukusudiwa kazi hiyo. Ya pili ni darubini za kuigiza, zinazofanana na za vita lakini zimeundwa kwa bunduki za michezo zirushazo vidonge vya plastiki. Ya tatu ni darubini za bandia zilizopigwa chapa ya watengenezaji wenye sifa. Darubini ya kweli ina namba yake, na mtengenezaji aweza kuulizwa namba hiyo kabla fedha hazijalipwa.

Darubini iliyokwisha tumika yaweza kuwa na faida kubwa kuliko mpya. Wako watengenezaji, kama Leupold na Vortex wa Marekani, ambao huahidi kutengeneza darubini zao kwa maisha yote, hata ikiwa mwenyewe si aliyeinunua mara ya kwanza. Lakini mnunuzi wa Afrika akumbuke gharama za kuipeleka ng'ambo na muda wa kungoja. Ahadi ya maandishi haisaidii kitu siku darubini inapoharibika porini.

MAJARIBIO YA DUKANI

Mnunuzi asione haya kuijaribu darubini mbele ya mwenye duka. Kwanza, aitikise karibu na sikio. Kikisikika kitu kinacheza ndani, airudishe. Pili, atazame ndani kwa upande wa mbele kwenye mwanga. Vumbi, ukungu au vipande vidogo ni dalili ya kazi mbovu au ya darubini iliyoingiwa na hewa. Darubini nzuri hujazwa gesi ya naitrojeni na kuzibwa, ili ukungu usifanyike ndani asubuhi ya baridi. Tatu, azungushe vifundo viwili vya kurekebishia, kilicho juu na kilicho ubavuni. Kila hatua isikike na kuhisika wazi, wala isiteleze. Nne, apime nafasi ya jicho kwa rula. Tano, aombe ruhusa ya kutoka nje jioni na kutazama kivuli cha mti, kwa sababu chini ya taa za duka kila kioo huonekana kizuri.

Kwa darubini iliyokwisha tumika, atazame pia alama za pete juu ya bomba. Mkwaruzo mrefu waonyesha kwamba darubini iliteleza. Bonde waonyesha kwamba pete zilikazwa kupita kiasi au hazikukaa sawa, na bomba lililobonyea halifai kununuliwa.

VISHIKIZO NA SKRUBU

Mara nyingi darubini hulaumiwa kwa kosa la vishikizo. Mtu hununua darubini nzuri, kisha akaifunga kwa pete za bei ya chini kabisa. Ni kama mtu aliyejenga nyumba ya mawe juu ya mchanga. Ni afadhali kupunguza bei ya darubini kidogo ili zibaki fedha za vishikizo vya chuma cha pua au feleji. Bunduki nyingine, kama CZ 550 na Ruger M77, zimechongwa mahali pa pete katika mwili wenyewe wa bunduki, na hizo zina faida kubwa kwa kuwa pete haitegemei skrubu ndogo peke yake.

Kazi ya kufunga ifanywe kwa utaratibu. Mafuta yote yafutwe kwa spiriti katika matundu, skrubu na ndani ya pete. Skrubu za vishikizo zitiwe gundi kidogo ya kuzuia kulegea. Kisha zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kama vile gurudumu la gari linavyofungwa, kwa kiasi alichoandika mtengenezaji. Ni vema kutumia bisibisi yenye kipimo, kwani mkono mtupu huweza kukaza mno na kuliponda bomba. Mwisho, mstari mwembamba wa kalamu uchorwe juu ya bomba, ukingoni mwa pete. Baada ya kupiga, mstari ukionekana umeachana na pete, mwenye bunduki atajua mara moja kwamba darubini inateleza, wala hatapoteza risasi akitafuta kosa lisilokuwapo.

MAJARIBIO YA UWANJANI

Risasi za bunduki kubwa ni ghali, kwa hiyo zisipotezwe bure. Majaribio yafanywe katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, na bunduki iegemezwe juu ya mfuko wa mchanga. Kwanza risasi tatu zipigwe katikati ya shabaha ya mita 100. Kisha kifundo cha ubavuni kizungushwe hatua 20 kwenda kulia, ipigwe risasi moja. Halafu kifundo cha juu kizungushwe hatua 20 kwenda juu, ipigwe nyingine. Halafu hatua 20 kushoto, na mwisho hatua 20 chini. Matundu yatakuwa na umbo la mraba. Katika darubini nyingi za Marekani, kila hatua huhamisha risasi kadiri ya milimita 7 katika mita 100, kwa hiyo upande wa mraba utakuwa kadiri ya sentimita 14 au 15. Risasi ya mwisho irudi penye matundu ya kwanza. Isiporudi, darubini ina kasoro ndani.

Baada ya hapo vifundo viachwe, na risasi zilizobaki za jaribio zipigwe siku mbili au tatu mbalimbali. Darubini isiyohama baada ya risasi 20 za .375 imeonyesha tabia yake. Nayo vilengeo vya chuma vya bunduki visiondolewe kamwe. Darubini ikivunjika porini, au mnyama aliyejeruhiwa akifuatwa katika vichaka vizito, hivyo ndivyo vitakavyotumika. Pete zinazofunguka kwa mkono ni ghali kidogo, lakini kwa uwindaji wa nyati zina thamani yake.

HASARA YA KWELI

Yafaa mnunuzi afanye hesabu yote. Katika nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji, mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na ada yake hulipwa yote. Ada ya nyati mmoja huzidi bei ya darubini nzuri mara kadha wa kadha. Aliyeokoa fedha kidogo dukani aweza kuzilipa maradufu porini, kwa risasi moja iliyokwenda kiganja kimoja nyuma ya mahali palipolengwa.

Wala si fedha peke yake. Nyati aliyepigwa tumboni hafi upesi. Huingia kichakani na kusimama akitazama njia aliyopita, naye ana uzito wa kilo 600 na zaidi. Sheria na heshima ya uwindaji zataka afuatwe. Anayetangulia mbele katika kufuata damu ni mfuatiliaji wa nyayo, mtu wa kijiji cha karibu, ambaye hakuichagua bunduki wala darubini, na mara nyingi mkononi ana fimbo tu. Maisha ya mtu huyo yametegemea springi ndogo na skrubu chache alizonunua mtu mwingine.

Kwa hiyo mwindaji mwenye busara hununua ukuzaji mdogo, nafasi kubwa ya jicho, uzito mdogo na vishikizo imara, kisha huvijaribu kabla ya kufika porini. Darubini ya namna hiyo haitasifiwa sana na marafiki wakiitazama sebuleni, kwa kuwa namba zake ni ndogo. Sifa yake ni kwamba risasi ya mia itakwenda pale pale ilipokwenda risasi ya kwanza.